Muhuri wa Friza ya Dafrosa

Nianze kwa kusema kwamba Dafrosa si mtu wa ugomvi, maana hapa Ng'ambo ya Tabora siku hizi wapo wanaosema ana kiburi, na wengi wa hao wamekula samaki wake kwa bei ya kujuana. Mimi ndiye ninayepakana naye ukuta. Naitwa Tatu, ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani, na kutoka hapo naona mlango wake, meza yake ya samaki, na kila anayeingia na kutoka. Miaka kumi na minne tumeishi hivyo, yeye Mkatoliki na mimi Mwislamu. Sikukuu ya Idi anakula kwangu, Krismasi nakula kwake. Ananiita shoga, namwita shoga. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Kwao ni Sikonge, Mnyamwezi wa baba na mama. Marehemu mumewe, Leodgar, alikuwa mtu wa tumbaku, nusu mwaka yuko shambani huko Sikonge, nusu mwaka yuko hapa mjini amekaa kwenye kigoda anasikiliza redio. Mwaka 2021 tumbaku ilimkubali. Wanaume ninaowajua mimi wakipata fedha ya tumbaku wananunua pikipiki, na pikipiki ikishanunuliwa haijulikani tena inalala wapi. Leodgar alimnunulia mkewe friza.

Wewe usiyeuza samaki unaweza kudhani friza ni friza. Dafrosa alikuwa anauza migebuka inayokuja kwa treni kutoka Kigoma, na migebuka haingoji mtu. Treni ikichelewa barafu imeyeyuka, na wasipoisha jioni ile, inabidi uwakaange wote na kuwauza kwa bei ya huruma. Friza ilipokuja, mwanamke alianza kununua samaki wa wiki nzima. Mama lishe wa stendi wakawa wanampigia simu. Walimu wa Isikizya wakawa wanaagiza. Alinenepa kidogo, akapaka nyumba rangi ya kijani ambayo mimi sikuipenda, na nilimwambia.

Siku ya kuinunua tulikwenda watatu, Leodgar, Dafrosa na mimi, kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme mjini. Aliyetuhudumia ni kijana mmoja mrefu, mcheshi, anaitwa Majidi, Mzaramo wa Kisarawe. Alipomsikia Leodgar akitaja Sikonge, macho yakamng'aa.

"Kumbe nyie Wanyamwezi! Babu zenu walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, leo mnataka kubebewa friza? Beba mwenyewe, mzee, kichwa si unacho?"

"Nyamaza wewe," Dafrosa akamjibu hapo hapo. "Shamba la baba yako liko wapi? Si mmeliuza lote mkachezee ngoma?"

Basi, ikawa wamejuana. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati watu wa huku walipokuwa wakitembea miezi mitatu kwenda Pwani na kurudi. Wakikutana leo, hata kama hawajawahi kuonana, wanatukanana kama ndugu, na mmoja akifiwa mwingine atakuja kufanya vituko msibani, na haruhusiwi mtu kununa. Mimi utani huo haunihusu, asili yetu ni Manyema. Lakini nimeutazama tangu nizaliwe na ninazijua kanuni zake zote.

Majidi ndiye aliyewauzia waranti ya nyongeza. Kiwanda kinatoa mwaka mmoja, akasema, na ukiongeza fedha duka linakupa mingine mitatu. Akaizungusha friza, akaonyesha kikaratasi cha rangi ya fedha, ukubwa wa kiberiti, kimebandikwa juu ya skrubu ya kifuniko cha kompresa.

"Huu muhuri ndio roho ya waranti. Fundi wa mtaani akiubandua, waranti imekufa. Sisi wenyewe wa duka tukiubandua, hakuna shida."

Leodgar hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Alikuwa ameuziwa mbolea yenye karatasi nzuri sana siku za nyuma, ikawa majivu. Lakini alimwamini mtani, akalipia miaka mitatu ile bila kuuliza mara mbili.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Leodgar akafariki. Aliumwa siku tisa tu. Dafrosa hakula wala hakulia, alikaa kwenye mkeka ameegemea ukuta na macho makavu, na sisi wanawake tukawa tunaogopa. Siku ya tatu, Majidi akaja na Wazaramo wenzake wanne. Wakaanza kazi yao. Mmoja akalala kitandani kwa marehemu akidai chai. Majidi akavaa koti la Leodgar na kofia yake, akawa anatembea huku akiburuza mguu wa kushoto kama yeye, watu wakaanza kucheka kwa kujiziba midomo. Halafu akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amebandika kile kikaratasi cha fedha kwenye paji la uso.

"Jamani!" akapaza sauti. "Nimemkagua huyu mzee wenu. Waranti yake ilikwisha zamani! Hata mkimrudisha kiwandani hawampokei!"

Uwanja mzima ulicheka. Na Dafrosa naye akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kilio, akalia kilio kile ambacho tulikuwa tunakisubiri siku tatu, na alipomaliza akaomba uji. Nilimpa mimi uji ule. Nilikuwa jikoni, na jikoni penyewe ni mawe matatu uani, hatua kumi kutoka mlangoni. Alinishika mkono akaniambia, "Shoga, yule mtani Mungu ambariki." Nami nikaitikia amina.

Mwezi wa tatu mwaka 2024 friza ikafa. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kama mara sita asubuhi hiyo, na mara ya sita friza haikurudi nao. Samaki wa wiki nzima walikuwa na siku mbili tu tangu wafike. Tuliwakaanga wote, mimi na yeye, macho mekundu kwa moshi, na bado wengine walioza. Lakini hakuwa na wasiwasi. Waranti ilikuwa na mwaka mzima mbele yake. Zaidi ya hapo, Majidi alikuwa amepandishwa cheo, sasa ndiye anayepokea madai ya waranti na kwenda kukagua majumbani.

Alikuja na fomu yake, wakatukanana kama kawaida. Akainama nyuma ya friza na kurunzi. Akasema kompresa imekufa. Kisha akaanza kuandika.

"Mtani, hapa naandika kwamba muhuri umeubandua wewe."

"Andika! Andika na friza yenyewe niliiba Kisarawe kwa mama yako."

"Haya, weka saini, mwizi wewe."

Dafrosa akaweka saini. Alikuwa anacheka, nami nilikuwa nacheka, nimeshika mlango. Nani angedhani mtu aliyeubandua muhuri kwa kucha zake mwenyewe, akauvaa mbele ya msiba mzima, anaandika kweli? Ungekuwa wewe Mnyamwezi, mbele ya Mzaramo, ungesoma fomu? Ungeonekana huna adabu.

Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kwenye simu: dai lako limekataliwa, muhuri umebanduliwa na mteja, mteja amekiri kwa saini. Dafrosa akanionyesha huku bado anatabasamu. Alidhani mtani ameendeleza mchezo. Akavaa kitenge kizuri akaenda dukani kumrudishia matusi yake, na aliporudi kitenge kilikuwa kile kile lakini mtu hakuwa yule.

"Ameniita Dafrosa," akaniambia. "Miaka yote hajawahi kuniita jina. Ameniambia, Dafrosa, karatasi si umesaini mwenyewe?"

"Na muhuri?"

"Amenivuta pembeni. Anasema kanuni ya duka ni moja, mfanyakazi akigusa muhuri nje ya kazi anafukuzwa. Akisema ni yeye, kesho hana kazi. Ananiomba nimwelewe." Akakaa kwenye benchi langu. "Tatu, mimi nilimwelewa vipi siku ile ya msiba? Si nilimwelewa yote?"

Nilimtukana Majidi mbele yake, matusi ambayo si ya utani. Nilimwambia Dafrosa aende juu zaidi. Akaenda. Meneja wa kanda, mama mmoja kutoka Dar es Salaam anayeitwa Najiat, alikuwa anakuja Tabora mara moja kwa mwezi. Dafrosa alimsubiri kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na yule mama alimsikiliza vizuri, sitamsingizia. Alimwambia hivi: mkataba unasema muhuri ukitolewa na mtu wa duka waranti inabaki. Kwa hiyo saini ile si mwisho. "Majidi akikiri, nakuletea friza mpya. Asipokiri, niletee mtu mmoja tu aliyemwona. Mmoja ananitosha. Njoo naye Alhamisi, kabla sijaondoka."

Mtu mmoja. Msibani pale walikuwapo watu zaidi ya mia.

Dafrosa alianza kwa shemeji yake, Kasimiri, kaka mkubwa wa Leodgar, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele siku ile na kucheka kuliko wote. Akapanda basi mpaka Sikonge. Mzee akamsikiliza, akatikisa kichwa.

"Mayu, mama, mtani hashitakiwi kwa jambo la msibani. Alichokifanya pale alimfanyia marehemu, si friza. Ukoo wetu ukisikika umempeleka mtani ofisini, nani atakuja kutuchangamsha tukifiwa? Friza ni chuma tu. Iache."

Akawauliza wengine, wote ni wale wale. Mmoja anasema alikuwa kaburini siku hiyo, kumbe maziko yalikuwa yamepita. Mwingine anasema hakumbuki. Watu waliokula migebuka ya friza ile miaka mitatu hawakumbuki. Siku ya Jumatano akaja barazani kwangu. Hakukaa.

"Shoga, umebaki wewe."

Nikamwambia, "Nitakuja. Hilo la kuuliza?"

Na nilikuwa nimekusudia. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Jioni hiyo hiyo, kabla ya magharibi, mke wa Majidi akaja kwangu. Anaitwa Mwanahawa, ni mteja wangu, nilimshonea gauni la harusi ya mdogo wake. Alikuja na kitambaa cha sare za shule. Hakuitaja friza hata mara moja. Alinipa vipimo vya watoto, mmoja mmoja, wako wanne, akawa anataja na madarasa yao, na alipofika kwa yule wa mwisho sauti ikamkatika, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Nilipima kitambaa. Nikasema zitakuwa tayari Jumatatu.

Alhamisi tukaenda. Ofisi ile ina kiyoyozi, nikasikia baridi mabegani. Bi Najiat nyuma ya meza, Majidi amesimama karibu na dirisha, anatazama nje kama kuna mtu anamsubiri. Dafrosa alikuwa ameniachia kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kile cha plastiki.

"Bi Tatu," meneja akaniuliza, "siku ya msiba ulimwona Majidi akibandua muhuri wa friza?"

Nikamtazama Majidi. Hakunitazama. Nikawaza zile sare nne. Nikawaza maneno ya mzee Kasimiri, kwamba mambo ya utani si ya kupelekwa ofisini, na utani wenyewe si wangu, mimi ni Mmanyema, naingia vipi kati ya watani? Nikawaza pia kwamba Majidi ni mtu mzima, ana moyo, akiniona nimekwama atasema mwenyewe. Hilo ndilo nililolitegemea zaidi, wallahi.

"Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni," nikasema.

Haukuwa uongo. Nilikuwa jikoni. Kucha zake zikibandua sikuziona, niliona paji la uso tu.

Dafrosa aligeuka akanitazama. Nilidhani atasema, "Shoga, si ulimwona?" na angesema hivyo ningejibu, ndiyo, nilimwona, na kikaratasi kilikuwa kinameta. Nilikuwa nimeshajiandaa kujibu. Hakuuliza. Akageuza uso akatazama meza.

"Na wewe, Majidi?" Bi Najiat akauliza. "Kwa mara ya mwisho."

"Nilipokwenda kukagua, niliikuta haina muhuri," Majidi akasema. Naye hakuwa amesema uongo.

Meneja akafunga faili. Akasema pole, akasema sheria ni sheria, akampa Dafrosa chupa ya maji. Tulirudi Ng'ambo kwa miguu kwa sababu hakutaka bodaboda, na njia nzima nilikuwa natafuta la kusema. Tulipofika mlangoni kwake nikamwambia, "Mungu atalipa." Akasema, "Haya," akaingia ndani.

Friza ipo mpaka leo. Anahifadhia unga na maharage, na juu yake ametandika kitambaa cha kufuma. Samaki ananunua wachache, wanaotosha siku moja, na saa kumi jioni ikifika utamwona anakaanga waliobaki, kama zamani. Walimu wa Isikizya walihamia kwa mtu mwingine. Hajawahi kuniuliza habari ya siku ile, wala hakuacha kunisalimu asubuhi, nami nikajiambia ameelewa. Watu walioishi pamoja hali moja ya maisha wanaelewana. Sare za wale watoto nilizimaliza Jumatatu, nikakataa malipo, sijui kwa nini.

Ikapita kama miezi minne. Jumapili moja, Dafrosa ametoka misa ya pili, nilikuwa kwake nimepeleka gauni lililokuwa limefumuka pindo. Nimekaa mlangoni tu, napepea nzi. Nikamwona Majidi anakuja, kuku chini ya kwapa, kavaa kofia upande.

"Hodi humu kwa wabeba mizigo!" akaita tokea barabarani. "Kuna mtu, au mmeshapeleka pembe Pwani?"

Nilishika mdomo. Nikajua leo ndiyo leo, leo atamwagiwa mafuta ya samaki.

Dafrosa akatoka. Alikuwa bado na nguo za kanisani.

"Karibu, bwana Majidi. Habari za nyumbani?"

Majidi akasimama kidogo. "Habari gani za nyumbani, mchawi wewe? Nimekuletea kuku. Usimroge kabla hujamchinja."

"Ahsante sana. Karibu ukae."

Akamletea kiti, kile kizuri cha Leodgar cha kuegemea, akakifuta vumbi kwa kanga. Majidi akakaa ukingoni. Akajaribu tena. Akasema rangi ya nyumba ni ya matapishi. Dafrosa akasema ndiyo, imeanza kuchakaa, ahsante kwa kumkumbusha. Majidi akasema Wanyamwezi wakinuna wanafanana na boga lililochemshwa. Dafrosa akauliza hali ya mama watoto. Akaingia ndani, akatoka na glasi ya maji juu ya sinia, na sahani ndogo imefunika glasi, akapiga goti kabisa, goti la kumpigia mkwe, akampa kwa mikono miwili.

Majidi aliishika ile glasi hakuinywa. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo.

"Mtani," akasema, sauti chini. "Nitukane basi."

"Siwezi, bwana Majidi. Nitakutukanaje mtu wa heshima?"

"Nitukane hata mara moja. Mtukane baba yangu. Mama yangu. Nimekuja kwa ajili hiyo."

"Mama yako hajambo?"

Aliweka glasi chini. Akainuka, akasema kwaheri ya kiofisi, akaondoka bila kuvaa kofia yake vizuri. Kuku alibaki uani amefungwa miguu, anapiga mbawa. Dafrosa alisimama akimtazama mpaka alipokata kona.

Mimi furaha ilinijaa. Sikuwahi kuona mtu anavuliwa utani hivi hivi, kwa sinia na glasi ya maji, bila kofi wala tusi. Nilipiga mkono pajani.

"Umemweza, shoga! Wallahi umemweza! Hatarudi tena hapa yule."

Dafrosa akageuka. Uso wake ulikuwa mpole sana.

"Ahsante kwa gauni, Bi Tatu," akasema. "Samahani, sijakukaribisha hata maji."

Nikamwambia aache mchezo, maji nitajichotea, mtungi si naujua ulipo? Miaka kumi na minne nimekuwa nikijichotea. Akasema hapana, mgeni hajichotei. Akachukua kiti alichokuwa amekalia Majidi, akakifuta vumbi kwa kanga, akaniwekea. Akaingia ndani. Nikasikia sauti ya kata ndani ya mtungi.

Akatoka na sinia, akapiga goti.